Kitabu Chako Sikimalizi

Kisumu,
14 Januari 2008

Jepchumba mke wangu,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari yote mpaka ulipate. Barua hii nampa Wepukhulu, dereva wa ambulensi ya misheni inayopeleka dawa Turbo. Amesema barabara ikikubali atakuletea Chepsaita mwenyewe. Simu yangu ilipotea njiani, na huku kadi ya kredo haipatikani hata ukiwa na pesa mkononi. Kuna kafyu. Usiku tunasikia risasi, asubuhi tunasikia majina.

Nyumba yetu ya Langas imeungua. Ploti yote imeungua, kwa vile mwenyewe ni Mama Wangeci na vijana walikuwa wanatafuta nyumba za watu wa kabila lake. Moto haukuuliza wapangaji walimpigia nani kura. Kitanda, vyombo, kabati lako la vioo. Na vitabu vyangu, Jepchumba. Vyote, tangu vile vya chuo.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Nilitoka mapema kabla mambo hayajachacha, sikuona kitu. Nilidandia lori la mahindi mpaka Kapsabet, halafu nikafika huku kwa Mama pole pole.

Namshukuru Mungu kwamba ulikuwa umeenda kwenu kupiga kura. Na unicheke ukitaka, namshukuru pia kwamba ulibeba ile riwaya niliyokupa tulipomaliza miaka minne ya ndoa. Ndicho kitabu pekee kilichobaki cha nyumba yetu. Miaka mingapi nimekwambia ukisome? Sasa una wakati. Hakuna kitabu kilichosifiwa hivyo katika enzi yetu, na kwa haki. Kisome pole pole. Tukionana tutakizungumza, na kwa saa moja tutajifanya kuwa tuko mezani kwetu.

Wasalimie wazazi wako, Mzee Kigen na Mama Jelagat. Kaka yako Kibet pia, ukimwona.

Mume wako,
Otiende


Chepsaita,
3 Februari 2008

Otiende,

Sitauliza kama u mzima, ulishanijibu. Niliisoma nikiwa nimesimama kwa zizi, nikalia mpaka Wepukhulu akadhani ameniletea habari ya kifo. Mwandiko wako ulikuwa umepinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Uliandikia ndani ya gari?

Nyumba imeenda, basi imeenda. Nilikuwa nimeshakuzika mara tatu kichwani, kwa hiyo kabati si kitu.

Huku barabara zimelazwa miti. Siwezi kufika kazini Eldoret, lakini daktari wa mifugo hakosi kazi. Ng'ombe wa watu waliokimbia wanazurura, viwele vimevimba, wanalia. Nawakamua na kumwaga. Jana nilimwaga maziwa ya ng'ombe sita kwa mtaro, watoto wakasimama wakiangalia mtaro ukiwa mweupe.

Kibet hulala hapa siku moja na kupotea tatu. Nilipomwambia nimepata barua yako alisema, "Si alienda kwao? Akae huko." Baba akamwangalia sana.

Sasa kitabu. Nimeanza, kwa ajili yako. Nasoma jioni kabla taa haijaisha mafuta, na Mama amezoea kuniuliza kama vile ni mchezo wa redio.

"Huyo mtu ameamka?"

"Ameamka, amekaa kwa dirisha."

Kesho yake: "Ametoka?"

"Bado yuko kwa dirisha. Anakumbuka nyumba ya mama yake."

"Ana mke?"

"Sijafika hapo."

Jana akaniuliza, "Amekufa?" Nikamwambia hapana, Mama. Akasema, "Basi anafanya nini?" Nikageuza kurasa mbele nikitafuta cha kumjibu.

Najua kosa ni langu. Labda kichwa changu kimejaa mambo mengine. Nitajaribu tena.

Mke wako,
Jepchumba


Kisumu,
10 Machi 2008

Mpenzi Jepchumba,

Wakubwa wa siasa wamepeana mikono kwa televisheni, nawe bila shaka umeona. Hapa watu walicheza barabarani. Nami nilicheza kidogo, nikaingia ndani.

Nimepata kazi ya kushikilia kwa shule moja hapa, nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Mwalimu wao alikuwa anatoka upande mwingine na amekwenda kwao. Kila mtu amekwenda kwao. Mama hajisikii vizuri miguu, kwa hivyo sijui nitarudi lini hasa. Tusiharakishe. Wacha vumbi litulie.

Nilicheka juu ya Mama Jelagat na dirisha. Lakini msivunjike moyo. Kitabu hiki kinataka uvumilivu. Yule mtu hasemi kilichompata kwa sababu hakiwezi kusemwa, na mwandishi anakuacha ukisikie chini ya maneno. Ukipita ukurasa wa mia mbili utaona. Umefika wapi sasa? Ile sehemu ya ngazi umeisoma? Niandikie uliionaje.

Mengine tutasema tukionana.

Wako,
Otiende


Kiplombe,
30 Machi 2008

Otiende,

Nimerudi kazini. Naishi Kiplombe na Sarah, yule wa maabara ya maziwa ambaye alikuja harusi yetu na viatu viwili tofauti. Tunalala kitanda kimoja, na anakoroma.

Kitabu chako sikimalizi.

Nimeandika mstari huo peke yake ili uuone vizuri. Si kwamba nimepumzika, si kwamba nitarudia wakati wa mvua. Nimekiacha. Nimefika kwa ile ngazi, nimeisoma ngazi yote, kipandio kwa kipandio, na yule mtu alipofika juu akasimama akafikiria kuhusu kushuka. Hapo nikafunga.

Hedimasta wako wa huku alikisifu. Magazeti yakakisifu. Jalada lenyewe linajisifu mbele na nyuma, mpaka maneno ya sifa yamekuwa mengi kuliko mambo yaliyotokea ndani. Na mimi wiki zote hizi nimekuwa nikijiona mjinga. Nilikuwa nakisoma kama mtu anayemeza vidonge. Halafu juzi nikajiuliza, mjinga kwa nini? Mimi nimesomea mifugo miaka mitano. Nilisoma vitabu vya minyoo, Otiende, minyoo ya ini, na nilikuwa nataka kujua mwisho! Kitabu kikishindwa kunishika, wacha nacho kione aibu kidogo. Si lazima iwe mimi kila siku.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Kila barua yako inauliza nimefika ukurasa gani. Hakuna hata moja imeuliza mimi nimefika wapi. Hukuuliza nalala wapi. Hukuuliza nilipita aje Langas mara ya kwanza, nikasimama mbele ya ukuta mweusi nikitafuta mlango wetu ulikuwa upande gani. Magari ya Kisumu yanajaa kila asubuhi hapa stendi, yanakwenda na kurudi, na wewe hushuki. Miguu ya Mama haikuanza kuuma leo. Unanificha kitu. Yule mtu wako wa dirishani, aliyenyamaza mpaka akasifiwa duniani, sitaki kumsoma kwa sababu nimeolewa naye.

Kitabu nimekiacha. Wewe sijakuacha. Soma hapo mara mbili.

Kesho nitakituma kwa ofisi ya mabasi wakuletee, kwa maana ni chako na unakipenda, na hapa Sarah ameanza kuweka sufuria juu yake. Barua hii naitia posta leo ili ikufikie kwanza.

Jepchumba


Kisumu,
5 Aprili 2008

Jepchumba,

Nimepokea kifurushi. Nilikifungua mbele ya Mama kwa furaha, nikidhani kuna barua ndani. Nikatikisa kitabu. Nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Hakuna hata salamu.

Nimeelewa. Hukuhitaji kuandika. Kitu kimoja kilichobaki cha nyumba yetu umekirudisha kwa mwenyewe, na mtu mzima hafundishwi maana ya hilo.

Sikulaumu. Una miaka thelathini na mbili, una kazi nzuri, uko kwenu. Mimi ni mpangaji ambaye nyumba iliungua. Wazee wa kwetu wakitakiwa kuja kuongea na Mzee Kigen watakuja kwa heshima. Sitaleta kelele.

Kaka yako aliniambia siku ile kwamba utanirudishia kila kitu changu kabla mvua haijaanza. Nilimwambia hakujui. Nakubali sasa kwamba anakujua kuliko mimi.

Ubaki salama.

Otiende


Kisumu,
11 Aprili 2008

Jepchumba, Jepchumba,

Barua yako ya tarehe thelathini imefika leo mchana. Imegongwa mihuri minne, sijui ilizunguka wapi. Pale ulipoagiza nimesoma mara mbili, halafu mara nyingine nyingi.

Nisamehe. Choma ile ya tarehe tano bila kusoma, na kama umeisoma, sahau. Hasa ile sentensi ya Kibet. Nilikuwa na hasira, nikaandika ovyo. Hakuna siku yoyote. Usimuulize.

Wako, kama bado unanitaka,
Otiende


Kiplombe,
27 Aprili 2008

Mume wangu,

Sikuichoma. Niliikunja nikaiweka kwa pochi, nikapanda gari mpaka Chepsaita.

Kibet alikuwa anaosha pikipiki nje. Nikamsimamia.

"Siku ile ni siku gani?"

"Siku ile gani?"

"Ile uliyomwambia mume wangu kwamba nitamrudishia vitu vyake."

Akaendelea kusugua gurudumu. Akasema, "Kwa hivyo amekwambia. Amekwambia pia nilimwokoa?"

"Ulimwokoa na nini?"

"Na hao vijana wote! Watu wamejaa uwanjani na petroli, na yeye anasimama mlangoni kama polisi. Bila mimi wangemmaliza. Nilimpiga mimi ili wasimpige wao."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Jepchumba, wewe hukuwepo."

"Ndiyo maana nauliza. Mara ngapi?"

Baba alikuwa ametoka akasimama nyuma yangu, sikumsikia. Alisema neno moja tu: "Mjibu." Kibet akatupa kitambaa ndani ya ndoo, akasema hakuhesabu, akasema rungu lilikuwa la mtu mwingine, kana kwamba hiyo inasaidia. Na mimi nikakumbuka mwandiko wako. Ulikuwa unaandika na mkono wa kushoto, na mimi nikakuuliza kama ulikuwa kwa gari.

Nilitoka kwa boma bila kunywa chai. Nikamwambia Baba, mbele ya Mama, kwamba sitakula wala kunywa kwake mpaka mume wangu aingie kwa lango lake na heshima yake. Mama alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimekasirika sana.

Sikuishia hapo. Nikaenda uwanja wa maonyesho ambako watu wa Langas wamewekwa kwa mahema. Nikauliza hema kwa hema mpaka nikampata Mama Wangeci anachemsha maji. Aliponiona alisimama haraka, nikaona anaogopa, na hiyo iliniuma kuliko ukuta mweusi. Nikamwambia, mimi ni mke wa Mwalimu. Akaacha maji, akanishika mikono yote miwili.

Kwa hivyo nayajua sasa. Uliwaficha yeye na wasichana wake wawili kwa chumba chetu, chini ya kitanda chetu. Vijana walipokuja uliwaambia, "Hapa ni kwangu na mke wangu, na mke wangu ni dada yenu." Ulitumia jina langu kama kufuli. Wakati wanakupiga, yeye na wasichana walitokea dirisha la nyuma, wakapita shamba la sukuma wiki mpaka kituo cha polisi. Mkubwa amerudi shule. Mdogo bado hasemi sana, lakini alinionyesha daftari lake la kuchora.

Na hayo yote wewe uliandika hivi: nilitoka mapema, sikuona kitu!

Ulifikiria nini? Kwamba nitakosa kwenda kwetu Krismasi? Kwamba nikijua nitachagua, na sitakuchagua? Umenilinda na habari ya mume wangu mwenyewe. Afadhali ungenipa nilie nayo, kuliko kunipa kurasa za mtu anayepanda ngazi.

Sasa sikiliza. Nimekodi nyumba ya vyumba viwili. Iko Langas, mtaa wa tatu kutoka pale petu. Sarah anasema nimerukwa na akili, kuna nyumba tele Kiplombe na hewa nzuri. Pengine. Lakini sitaki watu waseme tulihamishwa. Mwenye nyumba ameuliza jina la kuandika, nikamwambia andika Otiende, kwa herufi kubwa.

Njoo. Au uniandikie kwamba huji, na sababu, ya kweli safari hii.

Mke wako,
Jepchumba


Chepsaita,
4 Mei 2008

Kwa Bwana Otiende,

Mkwe wangu, pokea salamu zangu. Binti yangu hajui kwamba ninakuandikia.

Nilipokupa Jepchumba nilisimama mbele ya wazee nikasema wewe ni mtoto wa boma hili. Mtoto wa boma hili amepigwa na mtoto mwingine wa boma hili, na mimi nikakaa miezi minne nikiwa na shaka na sikuuliza. Niliogopa jibu. Hayo ni yangu na nitayabeba.

Sikuombi umsamehe Kibet. Hiyo si kazi ya baba yake kuomba. Nakwambia tu kwamba lango liko wazi, na siku utakayokuja mimi mwenyewe nitakuwa hapo. Ukija, usije jioni. Njoo majirani wakiwa macho.

Mama yake Jepchumba anakusalimu. Binti yetu amekuja mara mbili kutibu ng'ombe na amekataa hata maji. Unamjua.

Mimi,
Mzee Kigen


Kisumu,
18 Mei 2008

Jepchumba,

Sababu ya kweli. Naandika na mkono wa kulia, kwa hivyo sina kisingizio.

Niliogopa. Si kupigwa tena, ingawa hilo pia. Niliogopa kwamba ukijua, kila ukimwangalia kaka yako utaniona mimi chini, na kila ukiniangalia mimi utamwona yeye. Nilifikiri nikinyamaza vya kutosha, jambo litakuwa halijatokea. Mchana nafundisha, jioni narudi, Mama anauliza mkono unaendeleaje, nasema vizuri. Basi.

Wajua kitu ambacho sikumwambia hata Mama? Walipokuwa uwanjani nilimwona Kibet nikafurahi. Nikasema moyoni, ndiye huyo, tumepona. Nikampungia mkono. Hicho ndicho kinanirudia, si rungu. Nilivyompungia mkono.

Nimelisema. Halikuniua.

Sasa juu ya kitabu, kwa sababu sikubali ushinde pande zote. Nimekisoma tena tangu ukirudishe, na bado nakipenda. Ile ngazi ni nzuri. Sitakwambia tena uisome, lakini sitasema si nzuri. Wewe unasema kimekufa, mimi nasema kinapumua. Nyumba itakuwa na watu wawili, hakuna ubaya.

Lakini umesema kweli kuhusu yule mtu. Miaka yote nimedhani nampenda kwa sababu ni jasiri, kunyamaza namna ile. Safari hii nilimsoma nikataka kumpigia kelele atoke.

Shule imenipa ruhusa niondoke kabla ya mwisho wa muhula huu. Nimeandika barua ya kuacha. Hedimasta wa hapa ameshangaa. "Unarudi Eldoret? Kwa nani?" Nikamwambia, kwa mke wangu. Akasema, "Langas?" Nikasema, ndiyo, Langas. Mama amenifungia samaki wa kuwapelekea Mzee Kigen na mkewe, wakavu, na amenikataza kula hata mmoja njiani.

Nashuka Jumamosi tarehe saba, saa sita mchana. Usije na boda boda kunipokea. Nataka kutembea.

Otiende wako


Langas,
9 Juni 2008

Mama mpendwa, Mama Aloo,

Mwanao amefika na samaki wamefika, wote. Otiende anasema nikuandikie mimi kwa sababu yeye akiandika ataacha vitu. Nimemwambia mtindo huo umekwisha, lakini nimekubali, kwa sababu nataka nikuambie mwenyewe.

Nilimpokea stendi. Amekonda, Mama, lakini ulimlisha vizuri kadiri alivyokubali kula, naona. Tulitembea kutoka mjini mpaka Langas, yeye na begi, mimi na samaki. Alisema hataki kupita njia ya nyuma. Pale kwa njia panda huwa kuna vijana wa pikipiki wanangoja abiria, na wengine wao aliwafundisha. Nilimshika mkono, nikasikia jasho, lakini hakupunguza mwendo. Akasimama mbele yao akawasalimu kila mmoja kwa jina lake. "Kiprono. Hujambo. Wafula. Hujambo." Wawili waliitikia. Mmoja akasema, "Karibu, Mwalimu," kwa sauti ya chini. Mwingine akageuka akajifanya anatafuta kitu kwa kiti cha pikipiki. Otiende akamngoja. Alingoja, Mama, mpaka yule kijana akageuka akasema sijambo, na macho yake yako chini.

Jana baada ya kanisa tulikwenda Chepsaita. Baba alikuwa amesimama langoni na koti lake la harusi, na jua lote lile. Nadhani alikuwa hapo tangu asubuhi. Walishikana mikono muda mrefu, halafu Baba akamwongoza ndani kwa bega mbele ya majirani waliokuja kuazima chumvi wote kwa wakati mmoja.

Kibet alikuwa ndani. Alisimama tulipoingia. Mama yangu alikuwa ameshika kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando yenye mkaa, na mengine yakamwagika.

Kibet akasema, "Shemeji."

Otiende akasema, "Kibet."

Tukakaa. Mwishowe Kibet akasema, "Nimesikia mnahamia Langas. Nina rafiki ana pikapu. Naweza kuja kesho niwabebee vitu."

"Asante," Otiende akasema. "Hapana."

"Nataka kusaidia."

"Najua unataka. Lakini utanibebea kitanda, halafu tutakuwa tumemaliza, sivyo? Hatujamaliza. Hata hatujaanza."

"Nilikuwa nakuokoa," Kibet akasema.

"Labda. Na siku nikiamini hivyo nitakutafuta nikwambie. Leo naamini mkono wangu."

Kibet akaangalia chini. Nilidhani atatoka nje akapige mlango kama anavyofanyaga. Hakutoka. Akauliza, "Kwa hivyo niende?"

Otiende akafikiri. "Hapa ni kwenu. Kaa. Mimi pia nitakaa."

Wakakaa. Mama yangu akamimina mursik, na mimi nikanywa, mara ya kwanza tangu Aprili. Ilikuwa imekolea mkaa vizuri, nikaomba tena. Hakuna aliyetubu na hakuna aliyekumbatiwa, usije ukadhani. Baba aliongea kuhusu mbolea. Lakini tulikaa wote watano mpaka samaki wako wakaiva, na Kibet alikula, na tulipoondoka alikuwa bado amekaa pale pale.

Njiani nilimwuliza Otiende kama amechoka. Akasema amechoka sana, na kwamba ni uchovu mzuri, na kwamba samaki wako wangehitaji ndimu.

Sasa la leo, ndilo hasa lililofanya nichukue kalamu.

Fundi alimaliza kitanda asubuhi. Ni cha mbao nzito, fundi huyo hajui kingine. Tukakiinua wenyewe, yeye mbele mimi nyuma, katikati ya barabara ya Langas, watu wakiwa wametoka milangoni kuangalia. Tulipofika karibu na kinu cha posho Otiende akasema, "Weka chini." Tukakiweka hapo hapo, barabarani, tukakaa juu yake tukapumua. Mama mmoja anayeuza nyanya akacheka, akatuletea maji kwa kikombe. Tukanywa bila haraka.

Pikipiki ikaja, imebeba abiria wawili na gunia. Mwenyewe akapiga honi. Hatukusimama. Akapiga tena, akasema tuondoe kitanda, hii ni barabara.

Otiende akamwambia, "Zunguka."

Kijana akatuangalia. Akaangalia kitanda, akaangalia watu waliokuwa milangoni.

Akazunguka.

Mkwe wako,
Jepchumba